Chanda Chema Huvikwa Pete: Wadakaji Sita wa Enzi ya Nick Saban

Wahenga walinena kwamba chanda chema huvikwa pete. Huko Marekani maneno hayo si ya mfano peke yake, bali ni desturi ya viwanjani. Timu itwaapo ubingwa, kila mchezaji hutengenezewa pete nene yenye jina la timu na mwaka wa ushindi, naye huitunza hadi uzeeni apate kuwaonyesha wajukuu. Katika mchezo wa vyuo vikuu, mji uliozigawa pete hizo kwa wingi katika miaka ya karibuni ni Tuscaloosa, ulioko katika jimbo la Alabama, kusini mwa nchi hiyo. Hapo ndipo mwalimu Nick Saban alipoiongoza timu ya Chuo Kikuu cha Alabama tangu mwaka 2007 hadi alipostaafu mwezi wa Januari 2024. Katika misimu hiyo 17 timu yake ilitwaa ubingwa wa taifa mara 6, yaani katika misimu ya 2009, 2011, 2012, 2015, 2017 na 2020.

Saban alipata sifa kwanza kama fundi wa ulinzi. Hata hivyo, enzi yake inakumbukwa pia kwa vijana waliokuwa na kazi ya kudaka mpira na kukimbia nao. Wapenzi wa mchezo huo wakutanapo, ubishi hauishi: katika wadakaji wote waliopita mikononi mwa mwalimu huyo, ni nani aliyekuwa bora? Swali hilo laonekana jepesi, lakini ndani yake mna jambo zito, nalo ni haki. Mtu apimwe kwa hesabu ya mavuno yake tu, au apimwe pia kwa shamba alilopewa kulima?

MCHEZO WENYEWE

Kwa msomaji asiyeujua, mchezo huo ambao Wamarekani huuita futiboli si kandanda. Mpira wake umechongoka pande zote mbili mfano wa papai dogo, nao huchukuliwa kwa mikono. Kila timu huwa na wachezaji 11 uwanjani. Kati ya mistari miwili ya mwisho kuna yadi 100, ambazo ni kama mita 91. Timu yenye mpira hupewa nafasi 4 za kusogea mbele yadi 10. Ikifaulu hupewa nafasi nyingine 4. Ikishindwa, mpira huwa wa wapinzani.

Njia za kusogea ni mbili. Ya kwanza ni kuukumbatia mpira na kupenya nao kwa nguvu kati ya miili ya wapinzani. Ya pili ni kuurusha mbele. Mrushaji husimama nyuma ya wenzake wenye miili mikubwa wanaomkinga, na wadakaji wa pembeni husimama mbali, karibu na mistari ya kando. Mchezo uanzapo, mdakaji hutimua mbio, hugeuka ghafula, na kunyosha mikono aunyake mpira huku mlinzi mmoja akimkaba na mwingine akija kwa kasi kumwangusha. Akiupata mpira na kuufikisha nyuma ya mstari wa mwisho, timu yake hupata pointi 6. Tendo hilo ndilo litakaloitwa bao hapa.

KIPIMO CHA HAKI

Kupanga wadakaji kwa ubora si sawa na kupanga wakimbiaji. Mkimbiaji hupimwa kwa saa, na saa haina upendeleo. Mdakaji hajirushii mpira mwenyewe. Hata awe hodari namna gani, mrushaji akiwa dhaifu, au ukuta wa kumkinga ukibomoka, au mwalimu akipenda mpira ukimbizwe kuliko kurushwa, hesabu ya mdakaji itakuwa ndogo. Ni kama mpishi kulaumiwa kwa uchache wa wali, ilhali mchele aliopimiwa ulikuwa kibaba kimoja.

Ndivyo ilivyokuwa Alabama. Mwanzoni Saban alitegemea ulinzi mkali na wakimbiza mpira. Mwaka 2009 mkimbiza mpira wake, Mark Ingram, alishinda Tuzo ya Heisman, ambayo tangu mwaka 1935 hutolewa kila mwaka kwa mchezaji bora wa vyuo. Baadaye mchezo ulibadilika. Timu nyingi zilianza kucheza kwa haraka na kurusha mpira mara kwa mara. Saban hakuyafurahia mabadiliko hayo hapo kwanza, lakini hakuwa mtu wa kushindana na mkondo wa mto. Mwaka 2014 alimkabidhi Lane Kiffin kazi ya kupanga mashambulizi, na tangu hapo urushaji wa mpira ukazidi kupata nafasi. Kwa hiyo yadi 1,000 za mwaka 2010 si sawa na yadi 1,000 za mwaka 2020, kama vile shilingi ya zamani isivyo sawa na shilingi ya leo.

Pete nayo haiwezi kuamua, maana wadakaji wote 6 waliomo katika orodha hii walivikwa. Basi vipimo vilivyotumika ni vitatu. Cha kwanza ni hesabu ya kazi: mara ngapi alidaka, yadi ngapi alisogeza, mabao mangapi alifunga. Cha pili ni uzito wa saa: je, alidaka wakati timu imekwisha kushinda, au wakati kila kitu kilikuwa hatarini? Cha tatu ni hali aliyoikuta na mzigo aliopewa. Yaliyotokea baadaye katika timu za kulipwa hayakuhesabiwa katika kupanga, kwa kuwa hayo ni mavuno ya shamba jingine.

WA SITA: JAYLEN WADDLE

Waddle, kijana wa Houston katika jimbo la Texas, alicheza tangu 2018 hadi 2020. Alidaka mara 106 tu, akapata yadi 1,999 na mabao 17. Msomaji akigawanya ataona kwamba kila alipoupata mpira alisogea karibu yadi 19, kiasi ambacho si cha kawaida hata kidogo. Alikuwa mwepesi kama swala, na hodari pia wa kuirudisha mipira iliyopigwa kwa mguu na wapinzani.

Msimu wa 2020 ulikuwa umemwelekea. Katika michezo 4 ya kwanza alipita yadi 100 kila mara. Mchezo wa tano ulikuwa Oktoba 24, dhidi ya Tennessee. Mpira wa kwanza kabisa wa mchezo huo ulimfikia yeye. Akakimbia nao, akaangushwa, na kifundo cha mguu kikavunjika. Watu walidhani msimu wake umekwisha. Lakini Januari 11, 2021, siku ya kuamua bingwa, Waddle aliingia uwanjani akichechemea waziwazi, akadaka mara 3. Yadi alizopata siku hiyo zilikuwa 34 tu. Hesabu hiyo ni ndogo, ila si kila kitu huonekana katika hesabu.

WA TANO: CALVIN RIDLEY

Ridley alitoka Florida, akacheza kuanzia 2015 hadi 2017. Katika mwaka wake wa kwanza alidaka mara 89 na kupata yadi 1,045, na timu ikatwaa ubingwa. Kwa jumla alidaka mara 224, akapata yadi 2,781 na mabao 19. Miaka miwili ya mwisho hesabu yake ilipungua, si kwa uvivu, bali kwa kuwa mrushaji wa wakati huo, Jalen Hurts, alikuwa na nguvu zaidi miguuni kuliko katika kurusha.

Kilichompa Ridley nafasi ya tano ni tendo moja la Januari 8, 2018, katika mji wa Atlanta, timu ilipopambana na Georgia kuwania ubingwa. Alabama ilikuwa nyuma kwa pointi 7, zikiwa zimesalia dakika zisizofika 4. Nafasi 3 zilikuwa zimekwisha kutumika, imebaki ya nne na ya mwisho. Mpira ulirushwa kwa Ridley, naye akaudaka ndani ya eneo la bao. Pointi zikawa 20 kwa 20. Bila mikono hiyo, yaliyofuata usiku huo, ambayo yatasimuliwa hapo mbele, yasingalikuwako.

WA NNE: JERRY JEUDY

Jeudy naye ni mwana wa Florida. Alicheza kuanzia 2017 hadi 2019, akadaka mara 159, akapata yadi 2,742 na mabao 26. Msimu wa 2018 alipata yadi 1,315 na mabao 14, akashinda Tuzo ya Biletnikoff, ambayo hutolewa kwa mdakaji bora wa vyuo vyote. Ufundi wake ulikuwa miguuni. Aliweza kukimbia kwa kasi, akasimama kwa ghafula na kugeuka, mlinzi wake akabaki anakwenda upande mwingine.

Hesabu ya Jeudy ingekuwa kubwa zaidi lau asingalikula chungu kimoja na wenzake watatu. Katika misimu ya 2018 na 2019 timu ilikuwa na Jeudy, Waddle, DeVonta Smith na Henry Ruggs kwa wakati mmoja. Wote wanne walichaguliwa na timu za kulipwa katika duru ya kwanza: Ruggs na Jeudy mwaka 2020, Waddle na Smith mwaka 2021. Mpira ni mmoja, na mikono minane yautaka. Katika nyumba nyingi hali kama hiyo huleta ugomvi. Hapa ilileta mabao.

WA TATU: AMARI COOPER

Kama hesabu peke yake ingeamua, Cooper angekuwa wa pili pasipo mjadala. Kijana huyu wa Miami alicheza kuanzia 2012 hadi 2014, akadaka mara 228, akapata yadi 3,463 na mabao 31. Katika mwaka wake wa kwanza alipata yadi 1,000 kamili na pete ya ubingwa. Mwaka 2013, dhidi ya watani wa jadi Auburn, alidaka mpira na kukimbia nao yadi 99, karibu uwanja wote. Mchezo huo timu ilishindwa kwa 34 kwa 28, lakini mbio zile hazikusahauliwa.

Msimu wa 2014 ndio uliompandisha kileleni. Alidaka mara 124, akapata yadi 1,727 na mabao 16. Mara mbili katika msimu huo, dhidi ya Tennessee na dhidi ya Auburn, alipata yadi 224 katika mchezo mmoja. Alishinda Tuzo ya Biletnikoff, na katika kura za Tuzo ya Heisman akawa wa tatu. Alikimbia kwa utulivu, bila papara, kama mtu aijuaye njia hata gizani.

Kwa nini basi amewekwa wa tatu? Si kwa kosa lolote. Ni kwamba msimu wake mkubwa ulikuja wakati mlango wa urushaji ulipokwisha funguliwa, na Kiffin alipanga mashambulizi yote yampitie yeye. Cooper alipewa shamba zuri, akalilima vizuri mno. Aliye juu yake alipewa shamba lenye visiki.

WA PILI: JULIO JONES

Mwaka 2007, msimu wa kwanza wa Saban, Alabama ilishinda michezo 7 na kushindwa 6. Timu ilikuwa haijatwaa ubingwa tangu mwaka 1992. Jones alikuwa kijana wa shule huko Foley, mji mdogo wa Alabama ulio karibu na bahari, na vyuo vingi vilimtaka. Angeweza kwenda penye neema iliyokwisha kuiva. Alichagua nyumba iliyokuwa bado inaezekwa.

Alipoingia mwaka 2008 timu ilishinda michezo yake 12 ya kwanza mfululizo. Mwaka 2009 ilishinda michezo yote 14 na kutwaa ubingwa. Jumla ya Jones kwa miaka mitatu ni kudaka mara 179, yadi 2,653 na mabao 15. Msomaji akilinganisha na mabao 31 ya Cooper, ataona pengo. Lakini Jones alicheza katika timu iliyopenda kukimbiza mpira, na sehemu kubwa ya kazi yake haikuandikwa popote: kuwazuia walinzi kwa mwili wake ili Ingram apate njia. Tuzo ya Heisman ya Ingram ina jasho la Jones ndani yake.

Kisha kuna habari ya mkono. Oktoba 2010, katika mchezo dhidi ya Ole Miss, Jones alivunjika mfupa wa mkono wa kushoto. Alipasuliwa, akawekewa chuma. Kwa fundi wa kudaka, mkono ndio jembe lake. Mwingine angaliomba mapumziko ya mwezi mzima, na hakuna ambaye angalimlaumu. Wiki moja baadaye, Oktoba 23, alicheza dhidi ya Tennessee, akadaka mara 12 na kupata yadi 221, kiasi ambacho hakuna mdakaji wa chuo hicho aliyekuwa amekifikia katika mchezo mmoja. Timu ilishinda 41 kwa 10.

Waliomfuata wote walikuta njia imekwisha kufyekwa. Vijana hodari wa Florida, Texas na Louisiana walipokubali kwenda Tuscaloosa kudaka mpira, walijua kwamba Jones alipita hapo, na kwamba mwaka 2011 alichaguliwa wa 6 na timu za kulipwa. Anayefyeka hapati mavuno mengi kama anayepanda, lakini pasipo yeye hakuna shamba.

WA KWANZA: DEVONTA SMITH

Smith alizaliwa Amite, mji mdogo wa Louisiana. Alipofika Tuscaloosa mwaka 2017 alikuwa mwembamba, na hata alipomaliza chuo uzito wake haukufika kilo 80, katika mchezo ambao walinzi wengine huwa na kilo 130. Wapo waliosema kwamba upepo ungempeperusha. Msimu wake wa kwanza alidaka mara 8 tu.

Lakini mara ya mwisho kati ya hizo 8 ilitosha kumwandika katika historia. Ni usiku ule ule wa Januari 8, 2018, ambao Ridley alisawazisha. Mchezo uliingia katika nyongeza. Georgia ilipata pointi 3, ikawa 23 kwa 20. Alabama ilipopata zamu yake, mrushaji mgeni Tua Tagovailoa aliangushwa na kurudishwa nyuma yadi 16, mashabiki wakashika vichwa. Nafasi iliyofuata Tagovailoa aliurusha mpira mbali upande wa kushoto. Smith, kijana wa mwaka wa kwanza ambaye wengi hawakulijua jina lake, alikuwa amekwisha mpita mlinzi. Aliudaka na kuingia nao. Ilikuwa bao la yadi 41, na ubingwa kwa pointi 26 kwa 23.

Mtu aliyefanya tendo kama hilo angetarajia kuwa mfalme mwaka uliofuata. Haikuwa hivyo. Mwaka 2018 tuzo ilikwenda kwa Jeudy, na sifa za kasi zikawa za Ruggs na Waddle. Smith hakununa wala hakuhama. Aliendelea kufanya kazi yake, na mwaka 2019 akawa wa kwanza kati ya wanne hao kwa yadi, akipata 1,256. Katika mchezo mmoja dhidi ya Ole Miss mwaka huo alipata yadi 274 na mabao 5. Jeudy na Ruggs walipoondoka kwenda kulipwa, yeye alirudi chuoni kwa mwaka wa nne.

Mwaka huo wa 2020 ulikuwa wa ugonjwa wa korona, viwanja vilikuwa na watu wachache, na Waddle alivunjika kifundo kabla ya nusu ya msimu. Kila mlinzi wa kila timu alijua mpira utarushwa kwa nani. Walijua, na hawakuweza kuzuia. Smith alidaka mara 117, akapata yadi 1,856 na mabao 23. Timu ilishinda michezo yote 13. Alishinda Tuzo ya Biletnikoff, na Tuzo ya Heisman pia, mdakaji wa kwanza kuipata tangu Desmond Howard mwaka 1991.

Siku ya kuamua bingwa, dhidi ya Ohio State, alidaka mara 12 na kupata yadi 215 na mabao 3, na hayo yote aliyafanya kabla ya mapumziko. Mara baada ya mapumziko aliumia kidole, kikateguka, akatoka na hakurudi tena. Timu ilishinda 52 kwa 24. Jumla yake ya miaka minne ni kudaka mara 235, yadi 3,965 na mabao 46. Kwa hesabu ni wa kwanza, kwa uzito wa saa ni wa kwanza, na kwa mzigo aliobeba peke yake mwaka 2020, hapana anayemfikia. Mvumilivu hula mbivu.

PETE NA UJIRA

Ubishi wa orodha ungeweza kuishia hapo. Lakini msomaji makini atakuwa amekwisha ona jambo jingine: kifundo kilichovunjika, mkono uliotiwa chuma, kidole kilichoteguka. Vijana hawa walikuwa wanafunzi. Chuo kiliwapa masomo, malazi na chakula, na sheria za michezo ya vyuo ziliwakataza kupokea ujira wowote. Saban alipoajiriwa mwaka 2007 alipewa mkataba wa miaka 8 wenye thamani ya dola milioni 32, na mwishoni mshahara wake ulipita dola milioni 10 kwa mwaka. Uwanja wa timu hiyo huchukua watu wapatao 100,000, nao huingia kwa tiketi.

Katazo hilo lilikuwa kali. Jones na Ingram walipolipiwa safari ya kwenda kuvua samaki mwaka 2009, walitakiwa kuilipa thamani yake ndipo waruhusiwe kuendelea kucheza. Kijana ambaye jina lake liliujaza uwanja hakuwa na ruhusa ya kulipiwa siku moja ya kuvua samaki.

Historia ya mahali hapo huzidisha uzito wa jambo hili. Wadakaji wote 6 wa orodha hii ni Wamarekani weusi. Juni 11, 1963, gavana wa Alabama, George Wallace, alisimama mlangoni pa chuo hicho hicho ili kuwazuia wanafunzi wawili weusi, Vivian Malone na James Hood, wasiandikishwe. Walinzi wa serikali ya taifa walimwondoa, na wanafunzi wakaingia. Hata hivyo ilikuwa hadi mwaka 1971 ndipo mchezaji mweusi alipoichezea timu kubwa ya chuo. Mlango uliofungwa kwa wazazi ulikuja kufunguliwa kwa watoto, na ushangiliaji ukawa mkubwa. Lakini kushangiliwa ni jambo moja na kulipwa ni jingine.

Mabadiliko yalikuja mwaka 2021. Mwezi wa Juni majaji wote 9 wa Mahakama Kuu ya Marekani walikubaliana kwamba chama kinachosimamia michezo ya vyuo kilivunja sheria kwa kuweka mipaka juu ya misaada ya masomo ya wachezaji. Tangu Julai mosi mwaka huo wachezaji waliruhusiwa kupokea fedha kwa matumizi ya majina na picha zao. Mwaka 2025, kwa makubaliano yaliyoidhinishwa mahakamani, vyuo navyo viliruhusiwa kuwalipa moja kwa moja. Wote 6 wa orodha hii walikuwa wamekwisha ondoka.

Wadakaji wa kwanza wa Saban kucheza chini ya sheria mpya walikuwa Jameson Williams na John Metchie. Metchie, ambaye baba yake ni Mnijeria na mama yake ni wa Taiwan, aliishi Ghana alipokuwa mtoto kabla ya kukulia Kanada. Mwaka 2021 Metchie alidaka mara 96, na Williams akapata yadi 1,572 na mabao 15. Lau wangalicheza msimu mwingine, pengine orodha hii ingalipangwa upya. Lakini Desemba ya mwaka huo kano la goti la Metchie lilikatika, na Januari 2022, katika mchezo wa kuamua bingwa uliopotezwa kwa Georgia, goti la Williams nalo likapata mkasa ule ule. Metchie alikutwa pia na saratani ya damu mwaka 2022, akatibiwa, na mwaka uliofuata akarudi uwanjani katika timu ya kulipwa. Kudaka mpira si mchezo wa watoto, na mwili ni mtaji unaoweza kupotea kwa dakika moja.

Kwa hiyo orodha ni hii: Smith, Jones, Cooper, Jeudy, Ridley, Waddle. Atakayemweka Cooper juu ya Jones hatakuwa amekosa adabu, ila na aeleze kwanza ametumia kibaba gani. Vivyo hivyo ndivyo ifaavyo nyumbani na shuleni. Mzazi anayewalinganisha watoto kwa alama za mtihani peke yake, asiulize nani alisoma kwa taa na nani kwa mwanga wa moto, huwa amepima nusu tu.

Na kuhusu chanda chema, methali ni ya kweli: huvikwa pete. Lakini chanda hicho ni cha mtu, na mtu hula, huumwa, na ana mama anayemtazama kwa wasiwasi kila mpira urushwapo. Pete ni heshima. Ujira ni haki. Alabama na vyuo vyenzake vilijua kuitoa ya kwanza miaka mingi kabla ya kukubali kuitoa ya pili.